Kona Huamuliwa Kabla ya Kona

Katika nchi ya vilima kama Ikinga, wilayani Ileje, watu humpima dereva kwa mikono yake. Abiria wakimwona mtu anauzungusha usukani kwa haraka, gari likayumba, matairi yakalia, kisha gari likarudi njiani, husema kwamba huyo ndiye dereva. Mwenzake aliyepunguza mwendo mapema, akaipita kona ile ile bila abiria kugutuka, hapati sifa yoyote. Kwa maoni yangu, sifa hiyo hupewa mtu asiyeistahili, nayo hugharimu maisha ya watu. Tena kosa hili si la tabia peke yake. Ni kosa la kutoelewa fizikia, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya dawa yake imo mikononi mwa walimu wa shule za sekondari na wanafunzi wao.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Kutoka Mpemba, barabara nyingine huelekea Isongole, mpakani mwa Malawi, na huko Ileje njia za udongo hupinda na kupanda vilima vya Bundali. Kijana anayemaliza masomo katika sehemu hizi ana nafasi kubwa ya kuwa dereva, utingo au mwendesha bodaboda. Asipokuwa hivyo, atakuwa abiria wao. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Wanafunzi wetu wote wamo ndani ya umri huo.

Usukani haugeuzi gari

Neno usukani lilikuwa la chombo cha baharini kabla ya kuwa la gari, na asili hiyo ina somo ndani yake. Jahazi lililosimama katika maji matulivu haligeuki hata nahodha akiusukuma usukani siku nzima. Kinachogeuza chombo ni maji yanayopita na kuugonga ubao wa usukani. Nahodha huelekeza tu. Maji ndiyo yafanyayo kazi.

Gari ni hivyo hivyo. Usukani huyaelekeza magurudumu ya mbele upande fulani, lakini kinacholisukuma gari liingie katika kona ni msuguano kati ya tairi na ardhi. Newton alitufundisha kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea kwenda moja kwa moja mpaka kani nyingine ikibadilishe. Gari lenyewe halina haja ya kukata kona. Likiachwa litakwenda sawasawa, hata kama mbele yake kuna korongo. Ili lifuate mzunguko wa njia, hapana budi iwepo kani inayolisukuma kuelekea kitovu cha mzunguko huo, na kani hiyo haina mahali pengine pa kutoka ila chini ya matairi.

Basi na tuangalie matairi hayo yana nafasi kiasi gani. Gari dogo lenye tungamo la kilo 1,200 lina uzito wa newtoni 12,000 hivi. Ikiwa upepo ndani ya matairi una kanieneo ya paskali 200,000, basi eneo lote linaloigusa ardhi ni 12,000 gawanya kwa 200,000, yaani mita mraba 0.06. Gawanya kwa matairi manne, utapata sentimeta mraba 150 kwa kila tairi. Hilo ni eneo kama la kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Dereva, abiria na mizigo yao wameshikiliwa na ardhi kwa viganja vinne tu. Mtu anayelitambua jambo hili hawezi tena kuamini kwamba nguvu za mabega yake ndizo zinazoliokoa gari.

Hesabu ambayo dereva haioni

Msuguano una kikomo. Tairi juu ya lami kavu linaweza kutoa kani ya kando inayokaribia theluthi mbili hadi zaidi ya robo tatu ya uzito ulio juu yake. Kwa ajili ya hesabu yetu tuchukue 0.8. Juu ya udongo mkavu wenye changarawe tuchukue 0.5, na juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa mvua tuchukue 0.2. Namba hizi hubadilika kwa tairi na kwa njia, lakini zinatosha kutuonyesha ukweli wa mambo.

Kasi kubwa ambayo kona inaweza kukubali hupatikana kwa kuzidisha namba ya msuguano, mchapuko wa mvuto wa dunia (9.8) na nusukipenyo cha kona, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha zao hilo. Tuchukue kona isiyolala upande wowote, yenye nusukipenyo cha mita 30. Kwenye lami kavu, jibu ni mita 15.3 kwa sekunde, yaani kilometa 55 kwa saa. Kwenye changarawe ni kilometa 44 kwa saa. Kwenye udongo uliolowa ni kilometa 28 kwa saa.

Mwanafunzi ataona mambo mawili katika hesabu hii. Kwanza, tungamo la gari halimo: gari zito na gari jepesi hupata kikomo kile kile cha kuteleza. Pili, ustadi wa dereva nao haumo. Aliyeendesha miaka thelathini na aliyepata leseni jana, wakiingia katika kona hiyo ya udongo uliolowa kwa kilometa 40 kwa saa, wote wawili watatoka nje ya njia. Tofauti kati yao inapaswa kuonekana mita 50 kabla ya hapo, katika uamuzi wa kupunguza mwendo. Ndiyo maana nasema kwamba kona huamuliwa kabla ya kona.

Faida ya uamuzi huo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kani inayohitajika hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Dereva akishuka kutoka kilometa 60 hadi 45 kwa saa amepunguza kasi yake kwa robo tu, lakini kani anayoidai kutoka kwa matairi imepungua kwa asilimia 44. Hakuna namna ya kuzungusha usukani inayoweza kuleta nafuu ya kiasi hicho.

Akiba moja, matumizi mawili

Kuna jambo la pili ambalo madereva wengi hawakufundishwa. Msuguano wa tairi ni kama akiba moja ya fedha inayotumiwa kwa mahitaji mawili: kusimamisha gari na kuligeuza. Kilichotumika kwa breki hakipatikani kwa kona.

Kwa bahati njema, hesabu yake ni ile ya pembetatu mraba ya Pythagoras, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaifahamu. Breki ni upande mmoja, kugeuka ni upande wa pili, na uwezo wote wa tairi ni ule upande mrefu ambao hauwezi kuzidi. Dereva akitumia sehemu 6 kati ya 10 kwa breki, zinabaki 8 kwa kugeuka. Akitumia 8 kwa breki, zinabaki 6. Akizitumia zote 10, hakibaki kitu. Gurudumu la mbele lililofungwa na breki na kuburuzwa haligeuzi gari, hata usukani ukizungushwa mpaka mwisho wake.

Picha hii ya pembetatu inaeleza ajali ambazo watu huziita za ajabu. Dereva ameingia katika kona kwa kasi, akashtuka, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote na kuzungusha usukani kwa wakati mmoja. Gari likaenda moja kwa moja hadi shimoni. Watu husema usukani ulikataa. Usukani haukukataa, akiba ilikuwa imekwisha. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa kuyazuia magurudumu yasifungwe na breki, na kazi yake kubwa ni kubakiza sehemu ya akiba kwa ajili ya kugeuka. Lakini mtambo huo hauongezi msuguano wa barabara. Tope litabaki kuwa tope.

Kutokana na hayo twapata utaratibu ambao madereva wa mashindano huufuata duniani kote. Breki hutumiwa gari likiwa limenyooka. Mguu huachia breki taratibu kadiri usukani unavyoanza kuzungushwa. Mafuta huongezwa kidogo kidogo kadiri usukani unavyorudi. Usukani huzungushwa kwa ulaini, mikono ikiwa mahali pa namba 9 na namba 3 za uso wa saa, na macho yakitazama mwisho wa kona wala si mbele ya boneti. Mkono hufuata jicho. Kwenye njia mbovu, vidole gumba havipaswi kuning'inizwa ndani ya usukani, kwani gurudumu likigonga jiwe, usukani unaweza kuruka na kuvijeruhi.

Mabingwa wa Safari walijua nini

Huenda msomaji akauliza: mbona madereva wa mbio za magari huzisukuma gari zao upande upande, na ndio tunaowasifu? Afrika Mashariki ina jibu lake yenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika njia za vumbi na tope zisizotofautiana na zile za Ileje. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, kati ya magari zaidi ya 80 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyofika mwisho. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyo hiyo. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, na kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982.

Watu hawa hawakushinda kwa sababu mikono yao ilikuwa na nguvu kuliko ya wengine. Katika mashindano ambayo wengi hawakufika, sifa ya kwanza ilikuwa kufika. Dereva wa aina hiyo anapoutupa mkia wa gari katika njia ya vumbi, amekwisha kuchagua kasi yake kabla ya kona, naye anateleza kwa kupenda na kwa kiasi alichokikadiria. Anayetazama huona vumbi. Haoni breki iliyokanyagwa mapema.

Ipo pia mbinu moja ya mashindano ambayo haifai kabisa kuigwa. Mshindani huanzia ukingo wa nje wa njia, hukata hadi ukingo wa ndani, kisha hutoka tena nje, ili kuupanua mzunguko. Hesabu yake ni sahihi: nusukipenyo kikiongezeka mara mbili, kasi inayowezekana huongezeka kwa mara 1.4. Lakini ukingo mmoja wa barabara ya umma ni wa mtu mwingine ajaye mbele. Kwenye kilima usichoona nyuma yake, mtu huyo anaweza kuwa lori, au mtoto anayerudi shuleni.

Gari likianza kuteleza

Hata hivyo ni vema kujua la kufanya. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari hukataa kona na kwenda nje. Silika humwambia dereva azidi kuzungusha usukani, na silika hiyo inampotosha, kwa kuwa tairi lililokwisha pita kikomo halipati nguvu kwa kupindwa zaidi. Linalofaa ni kuachia mafuta na kurudisha usukani kidogo, mpaka tairi lishike tena. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, mkia hufagia upande. Hapo usukani huelekezwa upande ule ule mkia unakokwenda, macho yakibaki njiani, bila kukanyaga breki kwa ghafla. Na mara gari linapoanza kunyooka, usukani hurudishwa upesi, ama sivyo mkia utafagia upande wa pili.

Je, tuwafundishe vijana wetu mbinu hizi na kuziishia hapo? Hapa natofautiana na wale wanaodhani kwamba ustadi wa kuokoa gari ndio kinga. Nchi ya Norwei iliwahi kufanya mafunzo ya kuendesha katika utelezi kuwa ya lazima. Uchunguzi uliofanywa huko katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba vijana wa kiume waliofundishwa kulimudu gari linaloteleza walipata ajali nyingi zaidi, wala si chache. Sababu inayotolewa inaeleweka kwa urahisi. Aliyefundishwa kutoka shimoni huacha kuliogopa shimo. Kijana alipata imani kubwa kuliko uwezo wake, akaongeza mwendo, na hesabu ya msuguano haikumjali.

Somo la Norwei si kwamba elimu ni mbaya. Ni kwamba mpangilio wa elimu una maana. Kwanza mtu afundishwe kikomo kilipo na jinsi ya kukikadiria. Mbinu ya kujiokoa ije baadaye, ikiwa kama kamba ya dharura, isiwe fahari. Sehemu ile ya kwanza haihitaji gari, uwanja wala mafuta ya petroli. Inahitaji ubao, chaki na mwalimu.

Lori na pikipiki

Wakazi wa Tunduma wanahitaji nyongeza moja. Nilisema kwamba tungamo halimo katika hesabu ya kuteleza, lakini lori lina hatari nyingine, nayo ni kupinduka. Tuchukue lori ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 2, na kitovu cha uzito wake kiko mita 2 juu ya ardhi. Katika kona yetu ya mita 30, lori hilo hupinduka kwa kilometa 44 kwa saa. Kwenye lami kavu kikomo cha kuteleza kilikuwa 55. Maana yake ni kwamba lami nzuri haliokoi. Litalala ubavu kabla halijateleza, na dereva hatapata onyo lolote la tairi kulia. Mzigo uliorundikwa juu hushusha zaidi kasi hiyo. Tangi la mafuta lililojaa nusu huishusha pia, kwa sababu kimiminika hukimbilia upande wa nje wa kona.

Pikipiki nayo ina siri yake. Ikiwa katika mwendo wa kawaida, haigeuzwi kwa kupindishwa usukani kuelekea kona, bali kwa kuinama. Ili iiname kushoto, usukani husukumwa kwanza, kidogo sana, kuelekea kulia. Waendeshaji wengi hufanya hivyo bila kujua, na wanaposhtuka hufanya kinyume chake. Nayo hutegemea msuguano ule ule, kwa viganja viwili vidogo tu.

Shule ifanye nini

Napendekeza kwamba shule za sekondari katika mikoa ya vilima ziifanye kona kuwa maabara. Vifaa vyake havina gharama. Kata kipande cha tairi bovu, kiweke juu ya ubao, kisha inua ubao upande mmoja mpaka kipande kianze kuteleza. Gawanya kimo ulichoinua kwa umbali wa ulalo wa chini. Jibu ndilo namba ya msuguano. Rudia ubao ukiwa umepakwa vumbi, kisha tope. Mwanafunzi aliyeona namba ikianguka kwa macho yake hatahitaji kuhubiriwa habari za mvua.

Vigari vya waya ambavyo watoto hujitengenezea, vyenye usukani mrefu wa kushikwa kwa mkono, vinatosha kuonyesha mkia ukifagia na mbele ikikataa kona. Nusukipenyo cha kona halisi nacho hupimika kwa kamba. Inyooshwe mita 20 kati ya nukta mbili za ukingo wa ndani wa kona, kisha pimwe umbali kutoka katikati ya kamba hadi ukingoni. Umbali huo ukiwa mita 1.7, nusukipenyo ni mita 30 hivi. Kazi hii ifanywe na mwalimu akisimamia, na mahali pasipopita magari. Hata kijia cha kuzunguka uwanja wa shule kinatosha.

Baada ya hapo wanafunzi wakokotoe wenyewe: kona hii inakubali kasi gani wakati wa kiangazi, na kasi gani kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapoilowesha? Majibu yao yaandikwe ubaoni shuleni, na nakala ipelekwe kwa waendesha bodaboda wa kijiji. Sidhani kama kuna mtihani wa fizikia wenye maana kubwa kuliko huo.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la vyuo vya udereva na askari wa usalama barabarani. Wao wana kazi yao. Lakini sheria humwambia mtu afanye nini, haimwambii kwa nini, na mtu asiyejua sababu hutii pale tu anapoonwa. Msuguano hauna zamu na haupumziki. Kijana aliyeufahamu akiwa kidatoni atakwenda nao kila mahali: juu ya pikipiki, ndani ya lori, hata akiwa abiria anayejua ni wakati gani wa kumwambia dereva apunguze mwendo. Na siku watu wa vilima hivi watakapomsifu dereva ambaye safari yake haikuwa na cha kusimulia, tutajua kwamba somo la fizikia limefika barabarani.